Bwana afya aniulize maji yangu yametoka wapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza kwamba maafisa afya wa halmashauri wazuiwe kuingia kwenye vibanda vya mama lishe, kwa hoja kwamba wanakuja kutoza faini na kuwatia hasara wanyonge. Mimi ni mama lishe hapa Dar es Salaam tangu mwaka 2012, nilipostaafu ualimu kwa hiari, na faini hizo nimezilipa zaidi ya mara moja. Stakabadhi zake ninazo kwenye bahasha. Pamoja na hayo sikubaliani naye. Namtaka bwana afya kibandani kwangu, tena namtaka mara nyingi kuliko anavyokuja sasa. Ninachokilalamikia ni kwamba siku hizi akija anatazama kucha zangu, kofia yangu na cheti changu cha kupima afya, anaandika, anaondoka, wala haniulizi maji niliyopikia yametoka wapi.

Mwezi Agosti mwaka 2015 kipindupindu kilizuka hapa jijini, kikianzia Kinondoni, na kabla mwaka haujaisha kilikuwa kimeenea katika mikoa mingi ya Bara na kuvuka hadi Zanzibar, wagonjwa wakiwa zaidi ya 10,000. Wasomaji watakumbuka kwamba mwaka huohuo Rais John Magufuli alifuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba na kuagiza siku hiyo itumike kufanya usafi nchi nzima, ugonjwa huo ukiwa miongoni mwa sababu. Katika miezi ile, sisi wa upande wetu tuliamriwa tusiuze kachumbari, matunda yaliyokatwa wala juisi, na wateja wenyewe walikuwa wamepungua kwa hofu. Asubuhi moja akaja afisa afya mmoja, kijana, peke yake na kwa miguu, amebeba kisanduku cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kontena la chakula cha mtoto wa shule.

Aliniamkia kwanza, akaketi kwenye benchi la wateja, ndipo akauliza, "Mama, haya maji ya kuoshea vyombo umeyapata wapi?" Nikamwambia kwamba ya kwenye ndoo ya bluu ni ya bomba, niliyakinga usiku yalipotoka, na yaliyo kwenye pipa niliyanunua kwa kijana wa mkokoteni, madumu sita ya lita 20. Akafungua kisanduku, akachota maji ya ndoo kwenye kichupa, akatia kidonge kidogo, akatikisa. Maji yakageuka rangi ya waridi iliyofifia, kama maji ya ubuyu yaliyoongezwa maji mara ya pili. Akafanya vivyo hivyo kwa maji ya pipa, nayo yakabaki vilevile, bila dalili ya rangi yoyote.

Mimi nikafurahi nikidhani maji ya pipa ndiyo safi. Akatabasamu, akanieleza kwamba rangi ile inaonyesha klorini iliyobaki ndani ya maji, kwamba maji ya bomba yanapaswa kufika kwa mtumiaji yakiwa na angalau miligramu 0.2 za klorini hiyo kwa kila lita, na kwamba maji tunayoyatibu wenyewe yanapaswa kubaki na miligramu 0.5 baada ya kusubiri nusu saa. Maji yasiyobadilika rangi si lazima yawe na vijidudu, alisema, lakini hayana mlinzi: mkono mmoja mchafu ukizama kwenye pipa, hakuna cha kuzuia yatakayofuata. Nimefundisha Sayansi katika shule za msingi kwa miaka zaidi ya thelathini, nikachora ubaoni michoro ya chujio na ya chungu cha kuchemshia maji mpaka chaki ikanikaa kooni, na sikuwahi kulieleza jambo hilo kwa uwazi namna ile.

Angeweza kuishia hapo, akanitoza faini kwa kutumia maji yasiyotibiwa na kuniachia aibu mbele ya wateja. Badala yake alimsubiri kijana wa mkokoteni mpaka akarudi na tripu ya pili, akaongozana naye hadi kisimani, nami kwa udadisi nikamwachia binti yangu jiko nikawafuata. Kisima kilikuwa uani kwa mtu, mtaa wa tatu kutoka kwetu, kimefunikwa kwa bati lenye kutu, na choo cha shimo kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Bwana afya akapiga hatua akihesabu kwa sauti mpaka akafika kumi na nne. Alichotueleza ni kwamba kisima na choo vinapaswa kutengana kwa mita 30 au zaidi, na choo kisikae upande wa juu wa mteremko. Hakugombana na mtu. Alimwita mtendaji wa mtaa, akamwandikia mwenye kisima notisi, akawaonyesha wauza maji namna ya kutia dawa kwenye kila dumu, na akatuagiza sisi wapishi tusiyatumie maji yale kwa mboga za kuliwa mbichi wala kwa vyombo mpaka tuyachemshe, au tuyatie dawa na kusubiri nusu saa. Kisha akarudi kibandani, akajaza karatasi yenye nakala, akanipa nakala yangu. Alirudi siku ya nne, akarudi tena wiki ya pili, kila mara na kile kisanduku chake.

Nimeusimulia ukaguzi ule kwa kirefu kwa sababu naamini wengi wanaoandika kuhusu maafisa afya hawajawahi kuushuhudia, na pengine hata baadhi ya maafisa wenyewe, wa umri wa wajukuu zangu, hawajawahi kufundishwa kazini kwamba hiyo ndiyo kazi. Katika asubuhi moja yule kijana aliwakinga watu wote waliokunywa na kula kutokana na kisima kile, yaani vibanda vyetu vyote, nyumba zisizo na bomba za mitaa mitatu, na shule ya awali iliyokuwa ikinunua madumu kwa kijana yuleyule. Kucha zangu zikikatwa vizuri, anayenufaika ni mteja wa sahani yangu.

Sasa nieleze ukaguzi wa siku hizi. Mara ya mwisho, kabla ya masika, walikuja watu watano kwa pikapu, mgambo wawili wakiwa miongoni mwao, na vibanda kumi na kimoja walivimaliza maharage yangu yakiwa bado hayajachemka. Jirani yangu, anayeuza supu na chapati, alikutwa bila kofia akapewa namba ya malipo papo hapo. Kijana anayeosha vyombo vyake katika beseni moja la maji yaleyale tangu alfajiri hakuulizwa kitu, kwa kuwa alikuwa amevaa kofia.

Sidharau kofia wala cheti. Sheria inatutaka sisi tunaoshika chakula tupime afya kila baada ya miezi sita, na sababu yake ni nzuri, kwani mtu anaweza kubeba vijidudu vya homa ya matumbo kwa miezi mingi bila kuumwa, akavigawa kwa vidole vyake kila anapokata kachumbari. Lakini cheti ni habari ya siku ile niliyopima. Niliyepimwa Januari naweza kuambukizwa Februari, na cheti changu kikaendelea kunitetea mpaka Julai, ilhali maji ya pipa yanabadilika kila tripu ya mkokoteni na hakuna anayeyadai cheti.

Vilevile hakuna anayeuliza wali umepikwa saa ngapi. Hapa nakiri kosa langu mwenyewe. Kabla ya mwaka ule nilikuwa naacha wali uliobaki kwenye sufuria mpaka asubuhi, nikaukaanga kwa vitunguu na bizari, na wateja wa kiporo walikuwa wakiufuata kutoka mbali. Yule bwana afya, katika ziara yake ya pili, alichomeka kipimajoto kwenye wali wa jana yake, akanieleza kwamba chakula kilichopikwa kisikae muda mrefu kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 za Selsiasi, kwa maana hapo ndipo vijidudu huzaliana kwa kasi, na kwamba kwenye wali wako vijidudu ambavyo mbegu zake huhimili kuchemshwa, hutoa sumu wali unapopoa polepole, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha moto mara mbili. Nilikuwa nimewapa watu hicho kitu kwa miaka mitatu. Tangu siku hiyo napika kidogo kidogo mara tatu kwa siku, gharama ya mkaa imeongezeka, na hakuna faini ambayo ingenibadilisha haraka kama kile kipimajoto.

Lipo pia suala la mtaro, na hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Nyuma ya vibanda vyetu unapita mtaro wa maji ya mvua. Kila msimu wa mvua, usiku wa manane mvua inaponyesha kwa nguvu, wapo wenye nyumba wanaozibua mashimo na makaro yao na kutapisha vyoo, ili mvua iondoe kinyesi bila wao kulipia gari la majitaka. Asubuhi tunafika na kukuta yaliyotuama mbele ya meko yetu, nzi wakiwa wametutangulia. Nimeripoti jambo hilo katika ofisi inayohusika mara nne. Mara ya kwanza niliambiwa ni la afya, mara ya pili la mazingira, mara ya tatu la mamlaka ya maji, na mara ya nne niliulizwa kama ninamfahamu anayetapisha na kama niko tayari kumtaja kwa maandishi.

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maafisa afya mamlaka ya kuingia katika majengo, kukagua, na kumwandikia mwenye nyumba notisi ya kuondoa kero, na akikaidi kumfikisha mahakamani. Mamlaka hayo hayahitaji mimi nimtaje jirani yangu. Yanahitaji afisa mmoja apite mchana wa jua kali kabla ya mvua, nyumba kwa nyumba, atazame shimo limejaa kiasi gani na bomba la pembeni linaelekea wapi. Mama lishe anakaguliwa kwa kuwa yuko barabarani, hana mlango wa kufunga, na hawezi kukimbia na sufuria ya moto kichwani. Anayetapisha choo saa nane za usiku ana geti. Nadhani hiyo ndiyo tofauti, na kama nimekosea naomba wahusika wanisahihishe katika ukurasa huu.

Nafahamu kwamba baadhi ya nyumba zimebanana kiasi kwamba gari la majitaka haliwezi kufika, na kwamba bei yake ni mzigo kwa mpangaji wa chumba kimoja. Zipo pampu ndogo za kuendeshwa kwa mkono zinazopita vichochoroni, zilizokwisha kutumika katika maeneo yasiyopimwa hapa hapa jijini, na ningetarajia idara ya afya iwe ya kwanza kumwelekeza mwenye nyumba aliko fundi wa pampu hizo. Notisi inayomwambia mtu aondoe kero bila kumwonyesha njia ya kuiondoa itamfanya asubiri mvua nyingine.

Kuhusu mbu nitasema kwa ufupi tu. Homa ya dengue ilitusumbua jijini mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu wake huzaliana kwenye maji yaliyotulia ndani ya matairi, vifuu na makopo, vitu ambavyo nyuma ya vibanda vyetu havina idadi. Kwa mwaka mzima uliopita sikumwona mkaguzi akiinama kugeuza tairi hata moja.

Naandika haya nikiwa nimeona pia jinsi afya ya mazingira ilivyoweza kuendeshwa na nchi masikini kuliko ilivyo leo. Mwaka 1973 nilikuwa msichana wa miaka 16, kijijini kwetu mkoani Tanga, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wanaokadiriwa kufikia milioni 2 nchi nzima walikutana katika vikundi kusikiliza redio, kisha wakajadiliana na kwenda kufanya kazi waliyokubaliana. Kikundi chetu kilikutana chini ya mwembe wa mwenyekiti, na mimi ndiye niliyesoma kitini kwa sauti kwa kuwa wengi wa wazee hawakujua kusoma. Baada ya kipindi cha vyoo, baba yangu na jirani yake, waliokuwa hawasemezani kwa ajili ya mpaka wa shamba, walichimba shimo moja moja kila mmoja kwake, wakichunguliana nani anatangulia kufika chini. Sitaki kuipamba enzi ile, maana palikuwepo pia amri na vitisho, na vyoo vingine vilijengwa vya kuonyesha wageni tu. Lakini mtu alielezwa kwanza, na alipoulizwa na bwana afya, alikuwa anajua anaulizwa nini.

Siku hizi hata anayetuuliza hatumjui vizuri. Mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula ulitolewa kwenye iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ambayo ilibaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA, na chakula kikapelekwa Shirika la Viwango, TBS. Sina ugomvi na uamuzi huo. Ila mpaka leo wenzangu wengi kibandani hawajui yupi ana haki ya kuwafungia biashara, yupi anakuja kushauri, na yupi ni tapeli aliyenunua kizibao chenye maandishi. Matapeli wa namna hiyo tumewapata, na waliondoka na fedha taslimu.

Wala simlaumu afisa mmoja mmoja. Mmoja wao alinieleza kwa sauti ya chini kwamba vidonge vya kupimia klorini viliisha muda mrefu, kwamba kata nzima anaizungukia peke yake kwa bodaboda ya kulipia mwenyewe, na kwamba kinachoulizwa kikaoni kila mwisho wa mwezi ni kiasi kilichokusanywa. Kama hayo ni kweli, basi msomaji mwenzangu ameona ugonjwa akautibu kiungo kisichouma. Afisa anayepimwa kwa makusanyo atakwenda palipo na kofia zilizosahauliwa, maana kofia iliyosahauliwa inalipa siku hiyohiyo, na kisima kilichohamishwa hakilipi kamwe. Apimwe kwa visima na vyanzo alivyokagua, kwa notisi zilizotekelezwa, kwa mashimo ya vyoo yaliyonyonywa kabla ya masika, na kwa mara alizorudi mahali pamoja kuona kama alichoagiza kimefanyika.

Ombi langu kwa mkurugenzi wa halmashauri yetu, na kwa wakurugenzi wengine watakaosoma hapa, ni dogo mno. Kila mkaguzi anapomaliza, aache nakala ya alichokiona, kwa Kiswahili kinachosomeka, yenye tarehe, jina la ofisi yake na siku atakayorudi, nasi tuibandike ukutani mteja aione kabla hajaagiza chakula. Mstari wa kwanza wa karatasi hiyo uwe ni wa maji: yametoka wapi, na yalipopimwa yalionyesha nini. Mteja akishazoea kuisoma, mwenye kibanda kichafu hatahitaji mgambo wa kumkumbusha, na mwenye kibanda safi atakuwa na kitu cha kumwonyesha tapeli mwenye kizibao.

Nakala ile ya mwaka 2015 bado ninayo, nimeitia kwenye plastiki, na mteja mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini ukuta wangu una karatasi ya zamani namna hiyo. Nilimjibu kwamba hiyo ndiyo ya mwisho niliyopewa. Ikiwa kinachokwamisha ni gharama ya karatasi, sisi wenye vibanda kumi na kimoja tumeshakubaliana kuchangia fedha za kutoa kopi.

Wako,
Mwalimu mstaafu na mama lishe,
Dar es Salaam